Cricut Explore Air 2 kwa kazi za mikono za watoto: mashine ya darasa zaidi kuliko ya kadi moja

Nyota moja ya manila ni kazi ya dakika mbili kwa mkasi. Kwa Cricut Explore Air 2, mashine ya kukatia karatasi inayoongozwa na kompyuta, utawasha kompyuta, utafungua programu, utabandika karatasi kwenye mkeka wake wenye gundi, utaingiza mkeka, na mtoto atakuwa keshakimbilia kucheza nje. Mashine hii si ya nyota moja. Inapata maana nyota zikiwa arobaini na zote zilingane, au umbo likiwa na matundu ya ndani ambayo mkasi hauyafikii, au mwalimu anapotaka seti ileile kila muhula bila kuichora upya. Kwa hiyo hapa tunaipima kwa kazi za chekechea, darasa la kwanza hadi la tatu, madrasa, na nyumba yenye watoto wengi wa likizo. Mapambo ya harusi na stika za magari yana wataalamu wake.

Explore Air 2 ilitoka mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaja Explore 3 kuchukua nafasi yake. Bado ndiyo inayopatikana kwa urahisi ikiwa imetumika, na kwa karatasi hakuna unachopoteza: sifa kubwa ya Explore 3 ni kukata bila mkeka, na hiyo ni kwa malighafi maalumu za kampuni yenyewe. Manila ya steshenari itahitaji mkeka kwenye mashine zote mbili. Mkeka wa kawaida ni wa inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30.5, na eneo linalokatika ni sentimita 29.2. Karatasi ya A4 inakaa vizuri. Manila kubwa lazima uipunguze kwanza iwe mraba wa sentimita 30.

Ndani ya mashine kuna kigari kinachokimbia kushoto na kulia, chenye vibanio viwili. Kibanio A ni cha kalamu au kifaa cha kuchora mikunjo, kibanio B ni cha kisu. Vinafanya kazi kwa zamu kwenye mkeka uleule bila kuutoa, na kwa kazi za watoto hili lina thamani kuliko kasi. Unaweza kuchora macho ya simba kwa kalamu, kisha simba akakatwa pale pale. Pembeni kuna gurudumu la kuchagua aina ya karatasi: karatasi nyepesi, stika, stika ya kupiga pasi, manila nyepesi, manila nzito na kadhalika, pamoja na nafasi moja ya mwisho inayokuruhusu kuchagua kutoka orodha ndefu kwenye kompyuta. Pia kuna kasi maradufu kwa stika na karatasi nene. Kwenye maumbo ya watoto yenye kona kali, iache. Kona ndizo zinazochanika kwanza.

Karatasi, mkeka, kisu

Malalamiko mengi kuhusu mashine hii ni ya vitu hivi vitatu, na mashine yenyewe haina hatia.

Karatasi ya gramu 80 ya kuchapia inakatika, lakini kwa mtoto ni nyepesi mno, inakunjamana mkononi. Gramu 160 hadi 180 ndiyo inayofaa kwa vitu vya kuchezea mezani; weka gurudumu kwenye manila nyepesi. Gramu 200 hadi 220 ni ya vinyago na maboksi, weka manila nzito. Manila ya bei ya chini sana ina nyuzi ndefu zilizolegea, na kisu kinazivuta badala ya kuzikata. Utaitambua ukichana kipande kwa mkono: ukiona ukingo umejaa manyoya, tarajia kona zenye manyoya pia. Watu wa Pwani wana adui mwingine, unyevu. Manila iliyokaa wazi Tanga, Mombasa au Unguja msimu wa mvua huwa laini na kisu huikokota. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa tangu siku ya kuinunua.

Mikeka inatofautishwa kwa rangi. Wa buluu una gundi hafifu, ni wa karatasi nyepesi. Wa kijani ni wa kawaida, kwa manila na stika. Wa zambarau una gundi kali, kwa vitu vigumu. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuweka karatasi ya gramu 80 kwenye mkeka mpya wa kijani: inakatika vizuri, halafu inachanika wakati wa kubandua. Kama huna wa buluu, bonyeza fulana safi ya pamba juu ya ule wa kijani mara kadhaa ipunguze ukali. Na namna ya kubandua: geuza mkeka uso chini juu ya meza, kisha kunja mkeka kuelekea juu huku karatasi ikibaki imelala. Ukivuta karatasi kutoka kwenye mkeka, kila kipande kitajiviringa na watoto watalalamika kwamba samaki wao hasimami.

Vumbi huua mkeka kuliko kazi. Rudisha ile plastiki ya juu kila unapomaliza. Gundi ikichoka, osha mkeka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua kwa mkono kwa mzunguko, usimamishe ukauke wenyewe. Usitumie kitambaa kukaushia, nyuzi zitabaki.

Kisu kinachokuja na mashine kina ncha ya pembe ya nyuzi 45. Kikianza kuchana, usikimbilie kununua kingine. Kitoe kwenye kibanio, bonyeza kitufe cha juu ncha ijitokeze, puliza. Mara nyingi utaona uzi wa karatasi umejikunja pale. Kisha chomeka ncha mara kadhaa kwenye donge la karatasi ya alumini ya jikoni. Ikishindikana hapo ndipo kisu kimeisha. Tenga visu viwili, kimoja cha karatasi na kingine cha stika, kwa sababu karatasi hufubaza ncha haraka na stika inahitaji ncha kali.

Kabla ya kazi yoyote kubwa kata mraba wa sentimita 2 kwenye kona ya karatasi. Ukiinuka wote bila kung'ang'ania, endelea. Na jambo moja ambalo lingeokoa karatasi nyingi kama kila mtumiaji angelijua: mashine ikimaliza, usitoe mkeka kwanza. Inua kona ya kipande kimoja mkeka ukiwa bado ndani. Kama hakijakatika mpaka chini, bonyeza tena kile kitufe chenye herufi C na kisu kitapita njia ileile. Ukishautoa mkeka, nafasi ile hairudi.

Programu na intaneti

Programu yake ni Design Space. Haina malipo, lakini inataka akaunti, na inataka intaneti kuisakinisha na kuingia. Kazi unaweza kuihifadhi mapema kwenye kompyuta kwa ajili ya kuitumia bila mtandao. Fanya hivyo nyumbani kabla ya kwenda shuleni ambako bando ni la kugombania. Kwa simu za Android usitegemee njia hiyo. Usajili wa picha na fonti za kulipia kila mwezi si lazima. Maumbo ya msingi yapo bure, na faili zako za SVG (michoro ya mistari), PNG na JPG (picha za kawaida) zinaingia. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba wasiolipia usajili wangepakia faili 20 tu kwa mwezi. Wateja walikuja juu na ndani ya mwezi huohuo ikaufuta mpango. Tukio hilo lilikumbusha wengi kwamba mashine ni yako, lakini mlango wa programu uko mkononi mwa mwingine.

Kwa anayekerwa na hilo, Silhouette Cameo 4 ina programu ya msingi inayofanya kazi bila intaneti kabisa, ingawa faili za SVG hazifunguki mpaka ulipie toleo la juu. Brother ScanNCut ndiyo yenye wazo zuri zaidi kwa watoto: ina skana na skrini yake, unaingiza mchoro wa mtoto mwenyewe na inakata kufuata mstari wake, bila kompyuta. Kama bei haikusumbui na lengo ni michoro ya watoto, tungeiangalia hiyo kwanza. Cricut Joy, ndogo kuliko zote, inakata upana usiozidi sentimita 11.4. Ni ya majina kwenye chupa za maji na madaftari. Kwa darasa haitoshi.

Amri moja ya Design Space inawatesa wageni: Attach. Usipoitumia, programu hupanga upya vipande ili kubana karatasi, na macho uliyoyachora usoni mwa simba yanaenda kuchorwa kona nyingine ya mkeka. Chagua vyote vinavyotakiwa kukaa pamoja, bonyeza Attach, ndipo uende kukata. Weld ni kitu kingine. Hiyo inayeyusha maumbo kuwa moja, kwa mfano herufi za mwandiko wa kuunganisha zikigusana.

Kuchapa kwanza na kukata baadaye kunawezekana, ila mashine hii inahitaji karatasi nyeupe isiyong'aa ili kitambuzi chake kione mistari myeusi ya pembeni. Jua la dirishani likipiga kwenye mkeka, kitambuzi kinapotea. Funga pazia ujaribu tena.

Kazi nne tunazozipa alama ya juu

Herufi za kuundia maneno. Seti zilizopangwa kwa Kiingereza hazitufai. Zina A moja na X moja, wakati mtoto hawezi kuandika "mama" bila A mbili wala "karatasi" bila tatu. Panga hivi: A tano, I tatu, U tatu, E na O mbili mbili, K, M na N tatu tatu, na konsonanti nyingine mbili mbili. Q na X ziache. Jumla ni herufi 56, na kwa urefu wa sentimita 3.5 karibu zote zinaingia kwenye mkeka mmoja. Chagua fonti nene isiyo na mikia, na kwa herufi ndogo tafuta ile yenye "a" ya duara na kijiti, kama watoto wanavyofundishwa kuandika. "Mwanafunzi" inaandikika kwa seti moja, na bado herufi zinabaki. Kata vokali kwa rangi moja na konsonanti kwa nyingine. Ni mikeka miwili, lakini mwalimu wa silabi atakushukuru.

Tangramu. Mraba mmoja, vipande saba: pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba na msambamba. Kwa mraba wa sentimita 13, manila ya 30 kwa 30 inatoa seti nne, A4 inatoa mbili. Watoto 40 ni mikeka kumi. Hapa kuna mtego: usiviache vipande vikigusana kwenye mchoro. Ukingo wa pamoja utakatwa mara mbili, na mara ya pili kisu kinachimba manyoya. Acha milimita 2 kati ya kipande na kipande. Tumia gramu 200 kwenda juu, na kila seti iwe na rangi yake, la sivyo mwisho wa kipindi utakuwa unatenganisha pembetatu 200.

Dadu ya kuhesabia. Bapa la mchemraba wa sentimita 5 ni miraba minne kwa mstari na miwili ya mabawa, yaani sentimita 20 kwa 15, ongeza ndimi za gundi za sentimita 1. Linaingia kwenye A4. Nukta zichorwe na kalamu kwenye kibanio A, pande zinazotazamana zifanye saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kifaa cha mikunjo kikikosekana, chora mstari wa kukunjia kama vipande vifupi vya kukatwa, milimita 3 kata, milimita 2 acha. Kunja karatasi kidogo pande zote mbili kabla ya kuibandika mkekani. Upande unaokubali kirahisi ndio mwelekeo wa nyuzi, na mkunjo mrefu ufuate huo. Kinyume chake manila hupasuka rangi kwenye mkunjo na dadu huonekana kuukuu siku ya kwanza. Ndani weka kipande kidogo cha sponji iviringike vizuri.

Vinyago vya wanyama. Umbali kati ya katikati ya tundu moja la jicho na jingine uwe sentimita 5 hadi 5.5 kwa mtoto wa chekechea; vinyago vingi vya mtandaoni vimepimwa kwa watu wazima na mtoto anaishia kuona kwa jicho moja. Tundu la kamba likae sentimita 1 ndani ya ukingo, na ulibandike tepu nyuma kabla ya kutoboa, maana hapo ndipo kinyago hukatika. Usikate kila kitu kwa mashine. Acha manyoya ya shingo ya simba yawe ukanda mtupu wenye mistari iliyochorwa, mtoto ayakate mwenyewe kwa mkasi wa ncha butu. Mikono ya miaka mitano inahitaji mkasi huo kuliko inavyohitaji ukingo mnyoofu.

Kitenge na khanga tunazipa alama ya chini. Kitambaa kitupu kinajikunja chini ya kisu. Lazima kwanza ukibandike kwa pasi kile kitambaa kigumu mafundi cherehani wanachoweka ndani ya kola, na hata hivyo matundu madogo hayatoki safi. Maua makubwa na maumbo ya duara yanakubali. Foamu ya milimita 2 inakatika kwa kisu kirefu cha nyuzi 60 kinachouzwa kando, ila magurudumu ya mashine huacha alama pembeni. Acha sentimita 2 kila upande.

Umeme, na nani aguse nini

Adapta ya mashine inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani inahitaji plagi ya kubadilisha tu. Pasi bapa ya kampuni hiyohiyo, EasyPress, ni habari nyingine: ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua papo hapo. Kwa fulana za watoto tumia pasi ya kawaida bila mvuke, ubao mgumu chini, na usisahau kugeuza maandishi kinyume kabla ya kukata. Jina lililokatwa bila kugeuzwa halina dawa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine haikumbuki ilipofika na karatasi ile umeipoteza. Kwa mikeka mingi mfululizo, chomeka mashine kwenye betri ya dharura ya kompyuta, na tumia laptopu yenye chaji.

Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kuchagua umbo, kubandika karatasi na kubonyeza C. Mdogo kuliko hapo apokee vipande. Kisu, na kile chombo cha ncha cha kung'olea mabaki, vibaki kwa mkubwa. Viduara vidogo vinavyotoka kwenye matundu vifagiwe kabla ya walio chini ya miaka mitatu kufika. Pia mashine inapiga kelele. Usiiendeshe darasani wakati mwingine anasoma.

Kwa anayenunua iliyotumika

Iwashe mbele ya muuzaji, ingiza mkeka mtupu na uone kama unaingia mnyoofu. Ukipinda, magurudumu yameliwa upande mmoja. Funga na fungua vibanio vyote viwili, B hasa, kisu kisitikisike kwa kidole. Uliza adapta ya asili. Kisha kata duara la sentimita 5 kwenye manila ya gramu 180 uliyokuja nayo mwenyewe. Angalia mahali mstari ulipoanzia na ulipoishia. Visipokutana, kaza kisu urudie. Vikikataa mara ya pili, mrudishie mashine yake.